Huyo Anayekoroma Hakulala

(Mazungumzo ya Afisa wa Elimu ya Watu Wazima na wahitimu wa kisomo, Mtambile, Pemba)



Leo hatusemi habari za mbolea wala za kufuga kuku. Akina mama wa darasa la jioni wameniomba niseme juu ya unga. Waliniomba mmoja mmoja, kwa sauti ya chini, kila mmoja akidhani kuwa ni yeye peke yake mwenye jambo hilo nyumbani. Ndiyo maana nimeona niyaseme haya mbele ya wote, na gazeti letu liyachapishe, ili na yule ambaye hakuja leo ayasome kwake na mlango umefungwa.

Unga ninaousema si wa sembe wala wa muhogo. Ni heroini, ile inayouzwa kwa kete, yaani kifurushi kidogo kinachofichika katikati ya vidole viwili. Hutengenezwa kutokana na utomvu wa mmea wa afyuni. Kwa miaka mingi mmea huu umelimwa zaidi katika nchi ya Afghanistan. Mwaka 2022 watawala wa huko walipiga marufuku kilimo hicho, na mwaka 2023 Umoja wa Mataifa ulikuta mashamba yamepungua kwa asilimia 95. Mtasema, basi, jambo limekwisha. Halikwisha. Njia ya kutoka pwani ya Pakistan na Iran kuja kwetu ni ya zamani, na majahazi yanaijua. Mwezi wa Aprili 2014 manowari ya Australia iitwayo Darwin ilisimamisha jahazi moja nje ya pwani ya Kenya, ikakuta kilo 1,032 za heroini zimefichwa katikati ya mifuko ya saruji. Jahazi moja tu hilo. Yanayopita salama hayatangazwi redioni.

Hapa Zanzibar unga uliingia miaka ya 1980, watu wakiuvuta. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ukaja unga mweupe unaoyeyuka upesi katika maji, na hapo sindano ikashika. Sisi wa Mtambile tuko njia panda. Gari za Mkoani, za Chake na za Kengeja zote hupita hapa. Boti ikifunga gati Mkoani, abiria wa Unguja wamefika hapa chai haijapoa. Kila jema linalokuja Pemba hupita mbele ya maduka yetu, na baya pia. Hao wanaosema "unga ni mambo ya mjini" waulizeni vijana wao walikwenda kutafuta kazi wapi, na wamerudi na nini.

Sasa nataka mnisikilize vizuri, maana nitaanza na jambo ambalo wazee wengi hawalipendi. Uraibu ni maradhi. Sikusema kwamba si kosa. Kijana alipovuta mara ya kwanza alifanya kosa, na pengine alionywa akapuuza. Lakini baada ya muda ubongo wake umezoea ile dawa, na bila dawa mwili haufanyi kazi yake. Mzee mmoja aliniuliza, "Mbona mimi niliacha sigara siku moja tu, Ramadhani, sikurudia tena?" Nampa hongera. Lakini heroini si sigara. Mtu aliyezoea heroini akikaa saa 8 mpaka 24 bila kuipata, mwili unamgeuka. Anapiga miayo, makamasi yanamtoka, ngozi inamsisimka kama ya kuku aliyenyonyolewa, mifupa inamuuma, anatapika, anaharisha, usingizi hapati. Wenyewe wanaita arosto. Siku ya pili na ya tatu ndizo kali zaidi, kisha hupungua, na baada ya wiki moja au siku 10 maumivu makubwa huwa yamekwisha. Hamu haishi upesi hivyo. Hamu hukaa miezi, na kwa wengine miaka.

Arosto yenyewe haiui mara nyingi. Kinachoweza kuua ni kukaukiwa na maji kwa kutapika na kuharisha. Na dawa ya hapo mnaijua tangu kisomo cha kwanza, ile ya watoto wanaoharisha: pakiti ya ORS katika lita moja ya maji safi, na kama pakiti haipo, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Anywe kidogo kidogo hata kama anatapika. Akizidiwa apelekwe kituo cha afya, na mseme ukweli anaumwa nini. Msiseme homa.

Haya, tuje kwenye kifo.

Heroini inaua kwa njia moja iliyo kubwa kuliko zote, nayo ni kuzima pumzi. Sehemu ya ubongo inayotuamuru kuvuta pumzi bila sisi kufikiri hulevywa nayo, ikalala. Mtu akizidisha kipimo, au akichanganya unga na pombe au vidonge vya usingizi, pumzi hupungua, hupungua, mpaka husimama. Haitokei ghafla kama radi. Mara nyingi huchukua dakika nyingi, pengine saa nzima au zaidi. Kwa hiyo nafasi ya kumwokoa ipo, ila watu wa nyumbani hawajui wanachokiona.

Wanachokiona ni mtu amelala anakoroma. Nimekaa na familia zilizofiwa, na neno hili nimelisikia zaidi ya mara moja: "Tulimsikia anakoroma usiku kucha, tukasema alhamdulillahi leo kapata usingizi." Asubuhi mama anakwenda kumwamsha, mwili baridi. Jirani wanaambiwa presha, au kaanguka ghafla. Wanazika, wanasoma khitma, na nyumba ya pili yenye kijana kama huyo haikujifunza chochote. Kule kukoroma kulikuwa ni ulimi ulioanguka nyuma na koo iliyolegea, na mtu anapigania pumzi bila kujijua. Huyo hakulala. Huyo anakufa polepole mbele ya watu wanaompenda.

Basi ukimkuta, fanya hivi. Mwite kwa jina lake kwa sauti kubwa, mtikise bega. Kaza ngumi na umsugue kwa vifundo vya vidole kwenye mfupa wa katikati ya kifua, kwa nguvu. Aliyelala usingizi wa kawaida atakurupuka na kukutukana. Asipoamka, tazama kifua chake na uhesabu pumzi. Saa mnajua kusoma, hilo tulilimaliza zamani. Mtu mzima akiwa salama huvuta pumzi 12 mpaka 20 kwa dakika. Ukihesabu chini ya 10, au zinakuja kwa kukatika, ni hatari. Funua ukope: mboni huwa ndogo kabisa, kama nukta ya kalamu. Fungua mdomo utazame midomo kwa ndani, na utazame kucha. Kwa watu weusi kama sisi usingoje kuona buluu, rangi huwa ya majivu.

Piga kelele upate msaada, mmoja akatafute gari. Wewe mlaze chali, toa kilichomo mdomoni, rudisha kichwa nyuma na uinue kidevu. Kitendo hicho peke yake huifungua njia ya pumzi, na pengine utasikia kukoroma kumekoma na pumzi imeingia. Kama havuti, au anavuta kwa shida, mbane pua, weka mdomo wako juu ya wake, mpulizie pumzi moja kila baada ya sekunde 5. Tazama kifua kinainuka? Basi inaingia. Endelea mpaka avute mwenyewe au mfike kwa mganga wa hospitali. Akishavuta mwenyewe, mlaze ubavu, goti la juu limekunjwa mbele, mkono chini ya shavu, ili akitapika asisongwe na matapishi. Usimwache peke yake hata kwenda kufunga kuku.

Najua kuna mengine yanayofanywa. Kumwagia maji, kumtia maziwa au ndimu mdomoni, kumpiga vibao, kumburura atembee, na huko maskani wengine humdunga sindano ya maji ya chumvi. Hakuna hata moja linalorudisha pumzi, na maziwa mdomoni mwa mtu aliyezimia huingia mapafuni. Dakika zinazopotea hapo ndizo alizokuwa nazo.

Ipo dawa yenyewe, inaitwa naloksoni. Hudungwa kwenye msuli au hupuliziwa puani. Kazi yake ni kuiondoa heroini mahali ilipokaa ubongoni na kukaa yeye, kama mgeni anayemwinua mwenzake kwenye kiti. Pumzi hurudi katika dakika chache. Akipewa mtu ambaye hakutumia heroini haimdhuru. Ila hukaa muda mfupi, dakika 30 mpaka 90, nayo heroini inaweza kuwa bado imo mwilini. Kwa hiyo akiamka asiachwe aondoke, na atataka kuondoka, maana ataamka na arosto na hasira na atakulaumu umemharibia. Mshikeni kwa maneno mazuri mpaka muda upite. Mjini Chicago, Marekani, tangu 1996 walianza kuwapa dawa hii watumiaji wenyewe na watu wao wa karibu, si madaktari tu. Mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani likashauri kwamba kila anayeweza kumkuta mtu aliyezidisha apatiwe na afundishwe. Muulizeni mganga wa kituo chenu kama anayo. Ulizeni na hospitali ya Abdalla Mzee pale Mkoani. Ombeni kwa sauti. Dawa isiyoulizwa na mtu haiagizwi.

Sasa ni wakati gani mtu huzidisha? Wengi hudhani ni yule mlevi sugu wa kila siku. Na yeye yumo. Lakini mwenye hatari kubwa ni yule aliyekaa muda bila kutumia, kisha akarudia. Fikirini mchukuzi wa gatini Mkoani. Kila siku anabeba gunia la kilo 100 mgongoni na haoni tabu. Akaugua, akalala kitandani miezi 4. Siku ya kwanza aliyotoka mtwisheni gunia lile lile. Si atavunjika mgongo? Mwili wa mraibu ni hivyo hivyo. Akikaa mbali na unga hata wiki chache, uvumilivu wa mwili unaondoka. Mkono wake bado unakumbuka kipimo cha zamani, ila mwili hauwezi tena kukibeba.

Kwa hiyo hesabuni nyakati hizi: anapotoka Chuo cha Mafunzo baada ya kifungo, anapotoka nyumba ya upataji nafuu, anapotoka hospitali, na anapofunguliwa na nyinyi wenyewe baada ya kumfungia chumbani. Hili la mwisho nataka tulizungumze kwa uwazi. Wapo wazazi, kwa uchungu wao, humfunga mtoto kwa mnyororo au humfungia banda la uani wiki mbili tatu. Arosto inakwisha, kijana kanenepa, anasali, wote wanafurahi. Kisha anafunguliwa bila dawa, bila mtu wa kusema naye, bila kazi, na hamu ile ile. Siku ya kwanza anayoteleza ndiyo inayoweza kuwa ya mwisho. Mnyororo haukumtibu. Umemvua uvumilivu wa mwili na kumrudisha pale pale alipokuwa. Mimi naona ni bora fedha ya kufuli ikawa nauli ya boti.

Nauli ya kwenda wapi? Matibabu yako ya namna mbili kubwa, na watu huyapambanisha bure.

La kwanza ni methadoni. Ni dawa ya kunywa, mara moja kwa siku, mbele ya macho ya mhudumu. Inakaa ubongoni pale pale inapokaa heroini, lakini taratibu, zaidi ya saa 24, haipandishi na haiangushi. Arosto haiji, hamu inapungua, na mtu anapata akili ya kufanya kazi na kulea watoto wake. Ilianza kutumika hivi mjini New York miaka ya 1960 na madaktari Vincent Dole na Marie Nyswander. Tanzania ilianza Muhimbili mwaka 2011, na Zanzibar mwaka 2015 katika hospitali ya Kidongo Chekundu, Unguja. Katika Tanzania watu waliokwisha kuandikishwa wamepita 10,000. Wafaransa walitumia dawa jamaa yake iitwayo buprenofini: mwaka 1995 waliwaruhusu madaktari wa kawaida kuwaandikia waraibu, na mpaka 1999 vifo vya kuzidisha heroini vilikuwa vimepungua zaidi ya nusu.

Nasikia watu wakisema, "Huko ni kuacha ulevi huu kushika ulevi ule." Mimi sikubaliani nao. Mwenye sukari anadungwa insulini kila siku, na hatumwiti mlevi wa sindano. Mambo ya fatwa nawaachia mashekhe wetu, wao ndio wenyewe, ila nawaomba kabla hawajajibu wamsikilize na daktari. Ninachokijua mimi ni kwamba mtu aliyemo katika methadoni ana nafasi kubwa zaidi ya kuwa hai mwakani kuliko yule aliyemo mtaani. Tabu yake ni moja kubwa kwetu sisi wa Pemba: hunywewa kila siku, na mwanzoni huwezi kupewa ya kuja nayo nyumbani, maana kipimo cha mtu mmoja kinaweza kumuua mtoto au mtu asiyezoea. Basi kabla ya kupanda boti, ulizeni Abdalla Mzee au hospitali ya Chake Chake huduma iliyo karibu zaidi ni ipi. Kama ni Unguja, tafuteni kwanza ndugu wa kumpokea. Ndugu huyo aambiwe ukweli wote tangu mwanzo, asifichwe. Akifichwa atamfukuza siku ya tatu.

La pili ni nyumba za upataji nafuu, ambazo vijana huziita sobahausi. Unguja zilianza mwaka 2009, na walioziendesha ni vijana waliokuwa waraibu wenyewe. Mtu hukaa humo miezi kadhaa, hatumii kitu, wanafuata hatua 12, wanakaa mikutano na kila mmoja anaeleza yake. Nguvu ya nyumba hizi ni kwamba anayekuambia "utapona" ni mtu aliyelala barazani kama wewe. Lakini kumbukeni mfano wa mchukuzi. Siku anayotoka ndiyo siku ya kumpokea, na watu wake wawe wamejua mapema wafanye nini akitoka.

Hapa ndipo inapokuja kazi ya nyumbani.

Nimeona wazazi wa namna mbili. Wa kwanza ni baba aliyetangaza mbele ya watu kuwa "huyu si mwanangu", akamtoa nyumbani, na akamkataza mkewe kumpa hata sahani ya wali. Namwelewa. Kaibiwa karafuu mkekani, kaibiwa mabati, kaaibishwa msikitini. Lakini kijana aliyetolewa hulala maskani, na maskani ndiko kwenye sindano moja watu watatu. Mwaka 2007 walipimwa watu wanaojidunga Unguja, wakakutwa karibu 16 kati ya kila 100 wana virusi vya UKIMWI. Mwaka 2012 walikuwa 11. Katika watu wote wa Zanzibar hawafiki hata mmoja katika 100. Na akizidisha huko, wenzake wanaogopa polisi, wanakimbia wanamwacha.

Wa pili ni mama anayeficha. Mama mmoja aliniambia anasuka ukili mpaka usiku wa manane ili apate fedha ya kumpa mwanawe asubuhi, asije akaiba kwa watu akapigwa mpaka akafa. Jamani, nani atamlaumu? Mimi siwezi. Hofu yake ni ya kweli. Lakini fedha ile inanunua kete, na siri ile inamzuia mumewe kujua, na ndugu kusaidia, na daktari kuitwa.

Katikati ya hawa wawili ipo njia, nayo imepimwa. Mwaka 1999 watafiti wa New Mexico, Marekani, walitoa matokeo ya familia za walevi wa pombe waliokataa matibabu. Familia zilizofundishwa kumwandama mgonjwa kwa ghafla na kumshitaki mbele ya ukoo wote ziliwaingiza kwenye matibabu watu 30 kati ya kila 100. Zilizofundishwa njia ya upole yenye mpango ziliwaingiza 64. Upole wenye mpango ni nini? Akiwa hajatumia, kaa naye, mpikie, mpe kazi, mwambie umefurahi. Akiwa ametumia, usigombane naye na usimpembeleze, ondoka, maana maneno yako hayaingii. Usimlipie deni la muuza unga. Na ungoje saa ambayo yeye mwenyewe amechoka, kalia au kaumwa au kafiwa na mwenzake. Hapo sema neno moja: "Twende pamoja, nauli ninayo." Nauli iwe ipo kweli, siku ile ile. Ukimwambia ngoja mwisho wa mwezi, mlango umeshafungwa.

Chakula, nguo, nauli ya hospitali, mpe. Fedha mkononi, usimpe. Na sisi watu wa karafuu tuna jambo letu. Msimu ukifika, mchumaji hulipwa kwa pishi, na jioni kijana anaweza kushika fedha nyingi kuliko alizoziona mwaka mzima. Kama ndiyo kwanza ametoka matibabu, jioni ile ni hatari kuliko mvuta unga yeyote wa jirani. Sisemi asichume, kazi ni dawa. Nasema apatane na mwenye shamba mapema, kwa ridhaa yake mwenyewe, malipo yawekwe kwa mama au kwa dada, au anunuliwe kitu anachokitaka. Nimeona vijana wawili wakiomba hivyo wenyewe. Wanajijua kuliko tunavyowajua.

Wake wa watu nao nisiwasahau. Mke wa mraibu huambiwa asubiri, asubiri. Kusubiri kwake kuwe kwa hiari yake. Kama mume anajidunga, ana haki ya kupimwa, na ya kudai kinga, na ya kuondoka na watoto wake bila kuambiwa yeye ndiye aliyemuua mumewe. Na wapo wanawake wanaotumia wao wenyewe. Hao hufichwa zaidi na hufa kimya zaidi, maana mwanamume akirudi kutoka matibabu watu husema kaongoka, mwanamke akirudi wanamnong'ona mpaka anahama. Masheha wetu wanaweza kusaidia hapa kuliko mimi.

Na akirudia? Wengi hurudia, mara moja, mara tatu. Ugonjwa ndivyo ulivyo. Mwenye pumu akibanwa tena hatumwambii kapoteza nauli yetu. Mwambieni mapema, kabla hajateleza, maneno haya ambayo wazazi huona tabu kuyasema: "Hatutaki utumie. Lakini ukiteleza usijifungie chooni, usiwe peke yako, usichanganye na vidonge, na utuite." Wengine watasema huko ni kumpa ruhusa. Muulizeni mama aliyevunja mlango wa choo alfajiri kama hakutamani angeitwa.

Sasa toeni karatasi na kalamu. Juu kabisa andikeni namba ya simu ya dereva mmoja anayelala karibu yenu na ambaye gari yake inawaka usiku. Chini yake namba ya dereva wa pili, maana wa kwanza anaweza kuwa Chake. Chini yake namba ya mganga wa kituo cha afya. Kisha andikeni maneno haya, moja kila mstari: MWITE, SUGUA KIFUA, HESABU PUMZI, INUA KIDEVU, PULIZA KILA SEKUNDE 5, LAZA UBAVU. Kisha acheni mistari mitatu mitupu. Siku ikitokea, mtaandika humo saa mliyomkuta, alichotumia kama mnajua, na idadi ya pumzi mlizohesabu, na karatasi hiyo mtampa daktari mkononi.

Ibandikeni nyuma ya mlango, si ndani ya sanduku. Mgeni akiuliza, mwambieni ni ya kisomo. Jumatatu baada ya alasiri leteni nakala niione, na tutaweka mkeka hapa chini kila mtu ajaribu kumlaza mwenzake ubavu. Hati mbaya si neno, ila namba zisomeke.